Laptopu iligoma kuamka, nikajifunza kuripoti bagi (hitilafu ya programu) kwenye Linux

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kufotokopi Wandegeya, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Makerere. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, niliingia kwa sababu ya fleshi zao, zile virusi za Windows zilikuwa zinanimaliza. Laptopu yenyewe mtumba.

Sasa usiku mmoja nikafanya apdeti, kesho yake nikifunga laptopu nikaifungua tena, giza. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini hakuna kitu, mpaka ushikilie kitufe cha pawa izime kabisa, na kazi ya mtu ambayo hujasevu ndo imeenda hivyo. Fundi akaangalia dakika mbili akasema bosi hii ni skrini, tafuta laki mbili. Nikamwambia ngoja kwanza.

Nikawasha huku nimeshika Shift (mashine zingine ni Esc), ikaja menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mashine iwake na nini, nikaingia Advanced options, keneli (moyo wa mfumo) ya zamani kumbe bado imo. Nikafunga, nikafungua, ikaamka. Nikarudia kama mara kumi, inaamka tu. Skrini nzima kabisa jamani, laki mbili ingeenda bure!

Ripoti yangu ya kwanza kwa watengenezaji wa mfumo ilikuwa aibu. Niliandika laptopu haiamki baada ya apdeti, nisaidieni haraka, basi. Wakaiwekea alama ya Incomplete, yaani haijakamilika, wakaniuliza keneli gani, mashine gani, logi (kumbukumbu za mashine) iko wapi. Nilikasirika, lakini ukifikiria, mtu yuko huko mbali hajawahi kuiona hiyo laptopu, ni kama umpigie daktari simu useme naumwa halafu ukate.

Ya pili nikatulia. Kwenye terminal, pale pa kuandika amri, uname -r inakupa toleo la keneli. inxi -Fz inatoa vifaa vyote vya mashine, hiyo z inaficha vitu kama anwani ya kadi ya mtandao. Halafu kubwa lao, journalctl -b -1 -e, inakuonyesha mwisho wa logi ya mara iliyopita ulipowasha, yaani ile iliyoganda. Kwangu mstari wa mwisho ulikuwa PM: suspend entry (deep), yaani mashine inaingia kulala, hapo kimya. Kwenye keneli nzuri baadaye inakuja PM: suspend exit, yaani imeamka. Nikabandika zote mbili pamoja, nikaandika na hatua, funga, ngoja dakika moja, fungua. Logi isome kwanza kabla hujaituma, jina lako na la kompyuta vinaweza kuwa humo.

Majibu yakabadilika siku hiyohiyo. Wakaniomba nitafute bagi ilianzia toleo gani, kati ya keneli nzuri na mbovu kulikuwa na saba, unajaribu ya katikati, ikiwa nzima unapanda, ikiwa mbovu unashuka, mara tatu tu nikaipata. Ila bando ililia, kila keneli ni zaidi ya MB mia, na hakuna wa kukurudishia hizo MB.

Nawapa nyota nne kwa tano. Moja nimekata kwa kusubiri, marekebisho yalikuja baada ya wiki tano, na hizo wiki tano ilikuwa shida maana umeme ukikatika na betri yangu haishiki, mashine ikiwaka inarudi kwenye keneli mbovu yenyewe, mteja yuko mbele yangu anahesabu kurasa. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwenye /etc/default/grub unaweka GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true, unamalizia na sudo update-grub, inakumbuka uliyochagua mwisho. Mngeniambia mapema!

Sasa inaamka vizuri. Ile keneli ya zamani lakini sijaifuta, ikae tu hapo.