Kliniki ya ubongo Milimani, Kisumu: niliyoyaona tulipompeleka kaka

Kama kwenu kuna mtu aliyebadilika tabia kabla ya kufika miaka 60, na mzazi wake alipitia hayo hayo, mpelekeni kwenye kliniki hii ya ubongo na mishipa ya fahamu. Sisi tulimtoa kaka yangu Mbale, Vihiga, na nauli hiyo siijutii hata kidogo.

Kaka alikuwa mweka hazina wa kanisa, mtu wa kuhesabu sadaka mara mbili. Akaanza kulamba sukari mkebeni, kucheka matangani, kuwatolea wageni maneno ya aibu. Kumbukumbu zake zilikuwa sawa kabisa, basi kwingine tulikopita wakasema ni mawazo tu, na majirani wakasema amerogwa. Daktari wa hapa alimsikiliza wifi yangu kwanza, bila kumkatiza, akauliza marehemu baba alikuwaje uzeeni, ndipo akaagiza MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo. Ubongo ulikuwa umesinyaa mbele na pembeni: ugonjwa uitwao frontotemporal dementia, unaoharibu tabia kabla ya kumbukumbu.

Lakini sifa kubwa nampa dada anayetoa ushauri kuhusu magonjwa ya kurithi. Alichukua karatasi akachora nakala mbili za jeni iitwayo GRN, moja akaiacha nzima, nyingine akaipiga mstari mwekundu. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiharibika, mwili hutengeneza karibu nusu tu ya protini ya progranulini, na seli za ubongo huitegemea protini hiyo katika kuvunja na kuondoa taka zake. Kwa hiyo kaka alitolewa damu kidogo, kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na kiwango cha progranulini kikarudi kikiwa chini sana. Jeni iliposomwa, hitilafu ikaonekana pale pale.

Na hapa nawaomba msome polepole. Dada alituambia kwamba familia nyingine inaweza kupata kiwango cha kawaida na bado ugonjwa ukawa wa kurithi. Jeni ya MAPT, iliyohusishwa na ugonjwa huu tangu 1998, huvuruga protini nyingine ya ubongo iitwayo tau. Jeni nyingine, C9orf72, iliyohusishwa nao 2011, huwa na kipande kifupi kinachojirudia kupita kiasi. Zote mbili haziishushi progranulini. Anayekupima kiwango cha progranulini peke yake akakwambia mko salama, muulize kuhusu hizo mbili.

Wifi aliuliza kama kuna dawa ya kuipandisha hiyo protini. Hakudanganywa. Aliambiwa kuhusu dawa ya majaribio iitwayo latozinemab, ambayo kwenye majaribio iliipandisha progranulini kweli, ila matokeo ya 2025 yakaonyesha haikupunguza kasi ya ugonjwa. Wifi alilia, na dada yule akamngoja hadi akamaliza.

Yanayohitaji kurekebishwa yapo. Wagonjwa husubiri kwenye korido nyembamba, na mtu kama kaka hakai. Alimnyang'anya mtoto wa wenyewe peremende, ikabidi niombe radhi. Ombeni mapema muingizwe kwanza. Pia gharama ya kupeleka sampuli nje ya nchi tulitajiwa dirishani, damu ikiwa imeshatolewa. Hilo si haki kwa watu waliouza ng'ombe ili wafike pale. Ulizeni bei kabla ya sindano.

Kifungua mimba wa kaka ana miaka 24. Uwezekano wake wa kurithi ni nusu kwa nusu, na hata ndani ya familia moja, wenye hitilafu ile ile mmoja huugua akiwa na miaka 45 na mwingine akapita 70. Aliingia peke yake, akauliza maswali yake yote, kisha akasema hataki kupimwa kwa sasa. Hakuna aliyemsukuma. Waliandika hivyo kwenye faili, wakamtoza ada ya ushauri tu, wakamwambia mlango uko wazi mwaka wowote atakaoamua.