Boti ya Matema hadi Ikombe: uzoefu wangu

Wengi wetu wa Mbeya tukishuka Matema, kwenye Ziwa Nyasa, tunaishia ufukweni: kuogelea, samaki mbasa wa kuchoma, wali wa Kyela, basi. Nawasihi mtenge asubuhi moja mkodi boti hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi, mabingwa wa kufinyanga vyungu.

Sisi tulipatana na mwenye boti jioni ya kuamkia safari, bei ya boti nzima, pamoja na muda wa kutusubiri. Hilo la kusubiri lisemeni mapema. Tuliondoka kulipopambazuka, ziwa limetulia kabisa. Kushoto Milima ya Livingstone inashuka hadi majini, vijiji vimebanwa kati ya mlima na ziwa. Penye miamba maji ni maangavu, ukiinama unaviona visamaki vya bluu vikipishana kwenye mawe.

Lililonikera ni majaketi ya kujiokolea. Hayakututosha, na tulikuwa na watoto. Tuligoma kupanda mpaka mengine yakaazimwa kwa jirani wa mwenye boti. Kina cha Ziwa Nyasa kinafika mita 700 hivi, mambo haya si ya kuoneana haya. Kwa uendeshaji, lakini, namsifu: alituambia lazima turudi kabla ya mchana kwa sababu ya mwera, ule upepo wa kusini unaochafua ziwa hasa kuanzia Mei hadi Agosti, na hakukubali kubembelezwa.

Ikombe nilimkuta mama mmoja barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kaa hapo uone." Hana mashine. Mkono mmoja unazungusha chungu taratibu, mwingine uko ndani unasukuma udongo, na ukuta wa chungu unapanda mwembamba, sawasawa pande zote. Nilikaa pale hadi wenzangu wakaanza kuniita. Vikikauka huchomwa kwa moto wa wazi, kisha husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambalo siku yake ni Jumamosi. Vingi vya kuuzwa Mbeya mjini vinapitia huko.

Mimi nilinunua palepale, fedha mkononi mwa aliyefinyanga, na sikuomba kupunguziwa. Alinifungia kwa majani makavu ya mgomba, vikafika Mbeya bila ufa. Nendeni na fedha taslimu, chenji ndogondogo. Boti ileile nitaikodi tena, ila majaketi nitayahesabu kabla ya kulipa.