Uzoefu wangu: kujengewa bloku ya 2ZZ ya supachaja, Nyakato

Nianze na haki ya gereji hii ya Nyakato, Mwanza: slivu, yaani mabomba yanayovalishwa ndani ya silinda, walizivalisha vizuri. Bloku ya 2ZZ-GE, ile injini ya Toyota Celica na Runx Z, ni ya alumini, na kuta za silinda zake zina nyuzi za kauri ndani. Haichongwi oversaizi (kupanua silinda), kwa hiyo ukitaka pistoni za foji, zile ngumu za kufuliwa, unavalisha slivu za chuma. Walizikalisha, wakafresi uso wa bloku na slivu kwa pamoja. Niliweka rula ya chuma juu, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) haikupenya popote. Slivu ikizama hata kidogo, gasketi ya hedi inaungua na maji yanaingia kwenye silinda. Mpaka hapo ni nyota nne.

Sasa ringi za pistoni. Ya juu waliiacha na mwanya wa 0.25 mm kati ya ncha zake! Kwa silinda ya 82 mm yenye supachaja, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, huko ni kuua injini. Ringi ikipata moto inatanuka, ncha zinagusana na kusukumana, mfereji wa pistoni unamegeka. Inatakiwa 0.45 mpaka 0.50 mm, ya pili izidi kidogo. Na kupima si kazi: unaingiza ringi peke yake, unaisukuma chini kama sentimita mbili kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, ndipo unapitisha fila. Fundi wao alikuwa anaibonyeza kwa kidole gumba, imelala upande. Ikibana, unapiga tupa ncha moja tu, kutoka nje kwenda ndani, usimegue koti la nje.

Kumuuliza, fundi mkuu hakuinua hata macho kwenye simu: "Bosi, sisi tunajenga Fuso hapa. Wewe na kigari chako utufundishe?" Akaongeza kwamba Mwanza iko juu, hewa nyepesi, supachaja haitasukuma kitu. Kweli tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ukifunga puli ndogo supachaja inazunguka kasi zaidi, presha inarudi, na joto linarudi nayo.

Karatasi ya vipimo hakuna. Nafasi ya pistoni na ukuta? "Ya kawaida." Kawaida ipi? Pistoni ya aloi ya alumini 2618 inatanuka sana, inataka kama 0.08 mm, ya 4032 ina silikoni nyingi, inaridhika na chini ya hapo. Tena silinda zilihoniwa (kusuguliwa kwa mawe) bila bamba la kukazia, lile linalofungwa juu ya bloku badala ya hedi, wakati bolti za hedi zikikazwa duara linapinda. Nyota nne gani tena? Moja, na hiyo ni ya yule kijana wa slivu, ambaye hata kesho ningempa kazi nyingine.

Ukienda, wapelekee bloku tupu pamoja na pistoni zako wapime kila silinda na pistoni yake. Ringi na beringi baki nazo, ufunge kwingine. Wakikataa kuandika vipimo, pakia bloku yako uondoke.