Kaunta ya "graniti nyeusi" ambayo kumbe ni gabro: uzoefu wangu

Bamba la kaunta yangu ya jikoni huuzwa kama graniti nyeusi, kwa jina la biashara Nero Impala, na huchimbwa Rustenburg, Afrika Kusini. Nalipenda mno jiwe hili. Lakini si graniti. Ni mwamba wa jamii ya gabro, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa yake.

Inama uliangalie mwanga ukitokea ubavuni. Utaona chembe za kijivu zenye upana wa milimita chache. Hizo ni madini yaitwayo plajioklesi. Katikati yake zimebanana chembe nyeusi za madini mengine, piroksini. Ile kwatzi, madini angavu yaliyojaa kwenye graniti, huioni kabisa. Chembe zimekua hivyo kwa sababu magma yake, yaani mwamba ulioyeyuka, haikufika juu, ilipoa polepole chini ya ardhi yapata miaka bilioni 2 iliyopita. Magma ya aina hiyohiyo ikimwagika juu hupoa haraka ikawa basalti, ambayo chembe zake ni ndogo mno kwa macho. Jina gabro lilitolewa na mwanajiolojia Mjerumani, Leopold von Buch, kutoka kijiji cha Gabbro, Toscana, Italia.

Sufuria ya moto haijaliacha na alama hata moja. Kisu ni habari nyingine: kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), plajioklesi kama 6, na piroksini huweza kushuka hadi 5, kwa hiyo mimi hukatia ubaoni. Uzito nao usiupuuze. Mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 3 hukaribia kilo 90, karibu kilo 10 zaidi ya graniti, na makabati ya chini lazima yawe imara kweli.

Kinachoniudhi ni madoa ya maji. Tone likikaukia pale, chokaa yake huonekana toka mlangoni, basi kitambaa kikavu hakikosi karibu.

Ukienda kununua, chukua asetoni kidogo (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha) na kitambaa cheupe. Mabamba mengine meusi hupakwa rangi ili kuficha ukijivu. Sugua pembeni pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, liache hapohapo. Langu nililisugua kwa nguvu na kitambaa kikabaki cheupe.