Oveni ya makaa ya jua kali: nimeipima na krambo ya maembe

Nimekaa na hii oveni miezi minne sasa, naona naweza kuiongelea. Niliinunua Kibuye hapa Kisumu, Jumapili vile soko hufurika, kwa mafundi wa mabati, tukasikizana elfu tatu na mia tano. Ni sanduku la mabati, rafu moja katikati, treya ya makaa chini na nyingine kwa paa. Hiyo ya paa ndo ilinifanya nitoe pesa sababu mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuokea krambo.

Kama hujawahi kula, krambo ni kitamutamu cha Waingereza, matunda chini, juu unga uliofikichwa na siagi na sukari, unaokwa mpaka zile chenga zinakauka zinavunjikia mdomoni. Kwa sufuria nimejaribu nikachoka, moto uko chini tu, matunda yanaungua na unga unabaki umeloa mvuke. Oveni ya stima nayo, stima ikipotea katikati ya kuoka basi.

Sasa mara ya kwanza ilinikasirisha sana. Fundi alikuwa amepaka rangi mpaka ndani na hakusema, krambo yote ikanuka rangi, maembe ya mia mbili nikamwaga. Na mlango ulikuwa unaachia upande mmoja, joto lote linatokea hapo. Nikamrudishia wiki iliyofuata akaniambia, "Mama, hiyo lazima uichome kwanza ikiwa tupu." Nikamuuliza, si ungenieleza siku ile nikilipa? Lakini aliichoma mwenyewe pale pale mpaka rangi ikaanza kutoka maganda, akaikwangua yote, akaweka komeo kwa mlango na hakuitisha hata shilingi. Kwa hivyo ukienda kununua, fungua ndani uangalie kwanza, uingize mkono.

Tangu hapo imenifanyia kazi vizuri mno. Mimi hutumia gramu 200 za unga wa ngano, 100 za siagi, 100 za sukari, basi. Kazi iko kwa siagi. Joto la Kisumu unalijua, saa saba mchana siagi ni mafuta, ukifikicha unapata donge la chapati badala ya chenga, kwa hivyo mi hufikicha asubuhi mapema kwa ncha za vidole halafu naweka kwa friji mpaka saa ya kuoka. Maembe nachukua ngowe ambazo hazijalegea, yale ya kienyeji yana kamba nyingi zinashika meno, nakata vipande vikubwa, nakamulia ndimu, naongeza kijiko cha kornflawa ndo maji yashikane. Nanasi usiweke mbichi, linatoa maji mengi, lichemshe kwanza likauke kidogo. Mapera toa mbegu.

Makaa yakishika nagawanya, chini machache, juu mengi, na hapo ndo utaona utamu wa hii oveni, dakika kama arobaini hivi maji ya embe yanaanza kuchemka pembeni, mazito, rangi ya machungwa, yanapanda katikati ya chenga, na chenga zenyewe zimekuwa kahawia. Haina kipimo cha joto, mimi hunyunyiza unga kwa kipande cha foili nakiweka ndani, ukiwa mweusi haraka napunguza makaa. Ukiwa wa kahawia polepole ndo naingiza krambo.

Na tafadhali, iwashie nje. Makaa yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haionekani, na inaua watu wamelala. Mimi yangu iko nje kwa veranda na hata mvua ikinyesha siiingizi ndani.

Ningeinunua tena, ila saa hii ningetaka yenye rafu mbili, maana treya moja ya krambo watoto wanaimaliza kabla hata sijachemsha kastadi.