Kihesa miaka sita, Mbeya miaka mitatu: uzoefu wa fundi cherehani kwenye masoko ya mitaani

Mimi ni fundi cherehani. Naandika kwa yeyote anayehama kati ya Iringa na Mbeya akitafuta pa kuweka biashara, kwa sababu mimi nilikosea kuchagua na kosa lile lilinilia mtaji wa karibu mwaka mzima.

Iringa nilikuwa na cherehani yangu barazani, Kihesa, hatua chache kutoka sokoni. Mji ule umekaa kilimani, na barabara kuu ya Tanzam inapita bondeni kule Ipogolo, kwa hiyo mabasi na malori ya safari ndefu hayakutugusa. Aliyeshuka Kihesa sokoni alikuwa mkazi wa palepale au mwanafunzi wa chuo. Watu walewale, jana na leo. Mama anakuja, "Kamwene," naitikia "Kamwene," ananiachia sketi ya kupunguza kiuno, anaingia kununua mnavu na nyanya, anapita kwa wakala kutoa hela, akirudi sketi iko tayari. Akipungukiwa, atamalizia kesho. Sikuwahi kuandika deni hata moja kwenye daftari, maana kesho lazima atapita, mboga haijinunui. Zipu na nyuzi nilifuata mjini, Mashine Tatu, nikirudi na daladala.

Nilipohamia Mbeya nilichanganyikiwa na ukubwa. Hapa Tanzam inapasua jiji katikati. Uyole, Mafiati na Mwanjelwa zote zinaishi na barabara hiyo. Uyole ndipo inapochepuka njia ya Tukuyu na Kyela, basi ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela vinapitia hapo, na viazi vimejaa magunia kwa magunia. Kwa anayenunua jumla, kusema kweli, Iringa haifiki hata robo. Nikaona watu wote wale, nikasema hapa nitashona mpaka usiku. Nikakodi fremu ghorofani, kwenye jengo moja zuri lenye vigae. Kodi ya miezi sita nikalipa mkononi.

Wateja hawakupanda. Mtu mwenye sado la viazi mkono mmoja na mtoto mgongoni hapandi ngazi kwenda kubana gauni. Na wengi wa wale niliowaona chini walikuwa wasafiri au wachuuzi wanaowahi gari. Leo wako hapa, kesho wako Tunduma. Mgeni humkopeshi, wala yeye hakuachii nguo yake.

Nikahamia mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, barazani tena, jirani na genge la mama mmoja anayeuza ndizi. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa na meza Mwanjelwa soko lilipoungua mwaka 2006, akahamia soko la SIDO, nalo likaungua mwaka 2017. Mara mbili majivu. Aliniambia: "Mwanangu, hapa nikiuza fungu kumi kwa siku nalala, kwa sababu wanaonunua nawajua nyumba zao." Mzigo wake sasa ni wa siku mbili tu, hauzidi. Nikamwelewa. Soko moja kubwa likishika moto, jiji zima linahangaika. Genge lake likipata shida, majirani watavuka barabara kwa jirani yake na watoto watakula.

Kazi yangu imerudi kama ilivyokuwa Kihesa. Sare za shule peke yake zinanipa kazi mwezi mzima shule zinapokaribia kufunguliwa, na zinaletwa na akina mama wanaokuja kununua mboga.

Kasoro zipo, na zinaniuma kwa sababu zinatibika. Mvua za Machi zikikolea, tope linafika hadi barazani na kitambaa cheupe sikitoi kabatini. Choo ni cha kuomba kwa wenye nyumba. Juni na Julai baridi inawarudisha watu nyumbani mapema, na taa za nje hazitoshi, kwa hiyo jioni ninayoitegemea inakufa saa kumi na mbili na nusu. Kihesa nako upepo ulitutesa, ila ardhi ya mteremko ilimaliza maji haraka.

Kwa fundi, muuza mboga, kinyozi au duka la dawa, naipa Kihesa alama za juu, Soweto inafuata kwa karibu. Mwanjelwa naenda kununua tu, na huwa natoka nimeridhika: jora la kitambaa bei yake ni nzuri na chaguo ni pana.

Sasa natafuta baraza la pili kwa ajili ya binti niliyemfundisha kazi. Tumeona moja Uyole, ndani kidogo, mbali na barabara kuu. Kabla sijatoa hata shilingi nitakaa pale siku tatu, asubuhi na jioni, nikihesabu akina mama wanaopita kwa miguu na vikapu mkononi.