Kampuni ya teknolojia ikinunuliwa na mgeni: njia ya Uingereza au ya Marekani?

Vijana wanaounda programu hapa Kisumu huombea siku tajiri wa ng'ambo atakapowanunua. Serikali nayo iangalie vipi?

Sheria ya Uingereza ya 2021 ya usalama wa taifa na uwekezaji, iliyoanza kutumika Januari 2022, imetaja sekta 17, zikiwemo akili mnemba na nishati. Ukivuka asilimia 25 ya hisa za kampuni ya sekta hizo lazima uijulishe serikali kwanza, la sivyo ununuzi ni batili. Na ina meno: Novemba 2022 Nexperia, inayomilikiwa na Wachina, iliamriwa iuze angalau asilimia 86 ya kiwanda cha chipu cha Newport, Wales, ambacho tayari ilikuwa imekinunua.

Marekani ina CFIUS, kamati ya serikali inayochunguza wageni wanaonunua kampuni za huko. Mara nyingi kujulisha ni hiari, ila usipojulisha unaweza kufuatwa miaka baadaye. Kunlun ya China iliinunua Grindr, programu ya kutafuta wapenzi, bila kuijulisha kamati. Ikalazimika kuiuza 2020. Hofu ilikuwa data: mtu yuko wapi, hata hali yake ya VVU.

Kwa Kenya ningechukua orodha ya Uingereza. Mwenye kampuni ndogo pale Kondele hana pesa za wakili wa kumbashiria kamati itasema nini. Lakini sekta 17 zote za nini? Tano zatosha, data za wagonjwa zikitangulia.